Wazee wanne wa Lubumbashi na jezi ya taifa: tunaenda kwa jina la nani?

MKONO WA NYUMA (mwenye uzi huu wa mjadala wa mtandaoni)

Jambo kwenu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maandishi haya, kwa maana jambo lenyewe linatuzunguka tangu msimu wa mvua uliopita na bado hatujapata pa kulitua.

Sisi ni wazee wanne tunaocheza tenisi hapa Lubumbashi kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi jua linapoanza kuuma. Uwanja wetu ni wa udongo wa kichuguu, mmoja wa vile vilivyotengenezwa zamani kwa ajili ya wakubwa wa kampuni ya madini, na tunaumwagilia na kuufagia wenyewe kwa sababu mtunzaji wake alikwisha kustaafu na hakupata mrithi. Wawili kati yetu, nikiwemo mimi, tulifanya kazi za ofisi na sasa tunaishi kwa pensheni inayokuja inapotaka. Wa tatu ni mfanyabiashara wa saruji na mabati. Wa nne ni yule ambaye mji mzima humwita Baba Mwalimu, kwa sababu ni vigumu kupata hapa familia ya tenisi ambayo mtoto wake hakupita mikononi mwake.

Sote tumekwisha kupita miaka 60. Ndipo mmoja wetu akaleta habari ya mashindano ya dunia ya timu za wakongwe, yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Mashindano hayo yamegawanywa kwa marika ya miaka mitano mitano, na kila rika lina kikombe chake: Kikombe cha Dubler, cha wanaume wa miaka 45, kilianza mwaka 1958, wanawake wa miaka 70 hugombea kile cha Althea Gibson, na rika letu la wanaume wa miaka 60 hugombea Kikombe cha Von Cramm. Huko mtu haendi kwa jina lake mwenyewe. Anaandikwa chini ya jina la nchi, na akifungwa, ni nchi iliyofungwa.

Tatizo letu ni hili. Mfanyabiashara wetu anaweza kujilipia bila kuhema. Mimi na mstaafu mwenzangu tunaweza kujikaza, tukiuza hiki na kukopa kile. Baba Mwalimu hana pasipoti, hana akiba, na wanafunzi wake wengi humlipa kwa ahadi. Lakini yeye ndiye anayetushinda sote, tena bila kutoa jasho. Sasa mfanyabiashara ana shemeji yake, mtu wa umri wetu ambaye husafiri mara kwa mara, ana pasipoti yenye kurasa zilizojaa mihuri, na tenisi yake ni ya kupunguza tumbo. Jina la shemeji huyo limeanza kutajwa mezani, kwanza kama mzaha, sasa kama mpango.

Nauliza basi: watu watatu wa kawaida na mmoja dhaifu wakienda huku wakimwacha nyumbani yule aliye bora kuliko wao, hiyo ni timu ya Kongo, au ni msafara wa wenye pasipoti?

MTOTO WA KAFUBU

Mzee, kwa heshima zote, mimi ningeanza mbali zaidi. Kwa nini muende kabisa? Nchi hii ina watu waliokimbia makwao upande wa mashariki, na watoto wa mitaa yetu ya Ruashi na Katuba wanacheza kwa raketi zilizofungwa kwa waya. Fedha za tiketi nne za ndege zingenunua mipira ya mwaka mzima. Kuwakilisha taifa ni kazi ya vijana. Wazee wacheze, wapate afya, warudi nyumbani kula bukari, ugali wetu.

MAMA WA KAMPEMBA

Mwanangu Mtoto wa Kafubu, fedha hizo hazipo kwenye kisanduku mahali fulani zikisubiri kugawanywa kati ya watoto na wazee. Wazee wasipokwenda, hazigeuki mipira. Zitageuka mabati na harusi.

YAYA WA UBELGIJI

Nimezaliwa Lubumbashi, nilisoma huko hadi nikaolewa, na sasa ni miaka zaidi ya 30 nikiwa Ubelgiji. Nimecheza mashindano ya ITF ya wakongwe mara kadhaa, na mara moja nilikwenda Antalya, Uturuki, ambako mashindano ya aina hii yamefanyika mara nyingi. Naomba nieleze mambo yalivyo, kwa sababu naona mjadala unaweza kupotea njia.

Kwanza, kuna wiki mbili, wala msizichanganye. Wiki moja ni ya timu za mataifa, na nyingine ni ya mchezaji mmoja mmoja, ambapo kila mtu hucheza kwa ajili ya nafsi yake. Katika hiyo ya mmoja mmoja, mtu yeyote mwenye umri unaotakiwa hujiandikisha mwenyewe kwa namba ya utambulisho wa mchezaji inayotolewa na ITF, ile inayoitwa IPIN, na hulipa ada yake. Huko hakuna anayemwuliza ametumwa na nani. Katika wiki ya timu, mambo ni mengine: ni shirikisho la tenisi la nchi linalopeleka majina. Ninyi wanne hamwezi kuamka asubuhi na kujiita Kongo. Kwa hiyo, swali la nani anakwenda si la mezani kwenu peke yenu, na pengine hiyo ni heri.

Pili, timu huwa na wachezaji watatu au wanne. Kila pambano kati ya nchi mbili lina michezo mitatu: miwili ya mmoja mmoja na mmoja wa wawili wawili. Wachezaji wa pili wa kila timu ndio wanaotangulia uwanjani, kisha wanakuja wale wa kwanza, halafu wawili wawili. Nchi huanza katika makundi, na hata zinazotolewa kwenye mbio za kikombe huendelea kucheza ili kutafuta nafasi zao, yaani hakuna anayesafiri siku mbili kwenda kupigwa asubuhi moja na kurudi. Nimeona wazee wakipigania nafasi ya kumi na saba kwa ukali ambao sijauona kwenye fainali.

Tatu, na hili mnisamehe ni la kwangu. Katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee. Nilipochukua karatasi za hapa, nilizipoteza zile za nyumbani. Siku ile ya Antalya nilisimama kando ya uwanja nikitazama bendera za nchi nyingi, za Afrika zikiwa chache sana, na nikajua kwamba jezi ambayo ningetaka kuivaa sitaivaa. Ninyi mna haki ambayo mimi sina. Hilo peke yake si sababu ya kwenda, najua, lakini msiliseme kana kwamba ni safari ya kutalii.

MKONO WA NYUMA

Ahsante sana, Yaya. Naomba uniongezee jambo moja. Baba Mwalimu, katika kadi yake ya mpiga kura na katika karatasi ya kuzaliwa aliyotengenezewa akiwa mtu mzima, ana mwaka tu: 1963. Hakuna siku, hakuna mwezi. Mama yake alimwambia alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Je, huko si watamkataa?

YAYA WA UBELGIJI

Hapana, na hili litakufurahisha. Kanuni ya rika haitazami siku wala mwezi. Inatazama mwaka: mtu anahesabiwa kuwa na umri ule ambao atautimiza kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Mtu wa mahindi na mtu wa krismasi, wote wa 1963, ni rika moja. Ofisi ya pasipoti ndiyo itakayotaka siku na mwezi, na mnajua wenyewe kalamu ya pale huandika nini mtu asipojua.

MSTAAFU WA 2003

Watoto wangu, nina miaka 78 na anayeniandikia ni mjukuu, lakini maneno ni yangu. Mimi ni mmoja wa wale walioondoka katika kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 2003 katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, hiari ambayo kila mmoja wetu anajua ilikuwa ya namna gani.

Nataka kusema juu ya Baba Mwalimu, kwa sababu nimemjua akiwa na urefu wa wavu. Ilikuwa wakati wa Zaire. Mimi nilikuwa karani kijana niliyeruhusiwa kuingia katika klabu moja ya wakubwa kwa sababu nilitunza vitabu vya hesabu vya baa. Watoto wa mitaa walikuja kuokota mipira. Malipo yao yalikuwa sarafu, soda moja jioni, na ruhusa ya kupiga mipira iliyochakaa kwa nusu saa baada ya wazungu na wakubwa wetu kwenda kuoga. Ile nusu saa ndiyo shule yake. Alikuwa na raketi ya mbao iliyopasuka kichwani, ameifunga kwa uzi wa kushonea viatu, na kwa sababu ya ufa ule alijifunza kuugusa mpira katikati tu, pale palipokuwa pazima. Mtazameni leo: bado anaupiga katikati kila mara. Watu husema ni kipaji. Mimi niliuona ufa.

Akiwa na miaka 17 au 18, mhandisi mmoja alikosa mwenzake wa kucheza naye, akamwita. Kijana akamfunga seti mbili. Kesho yake wakamwita tena, na tena, hadi ikawa kila mtu pale anataka kucheza naye ili apate kusema amecheza naye. Lakini jina lake halikuingia katika daftari la wanachama. Klabu ilipokwenda kucheza na klabu za miji mingine, yeye alipanda gari la nyuma, pamoja na mipira na chupa za maji. Alikuwa anawafundisha watu waliokuwa wanaiwakilisha klabu.

Mimi sitaki kusema zaidi. Mmeuliza kama kuna timu bila yeye. Nimeijua timu moja ya namna hiyo.

MSTARI WA PEMBENI

Maneno ya mzee wetu yamenigusa, lakini naomba niongeze mambo ya uwanjani, kwa kuwa naona wengi wanaizungumzia heshima ya jezi na hakuna anayezungumzia mpira.

Lubumbashi iko karibu mita 1200 na zaidi juu ya bahari. ITF ina mipira maalumu ya kuchezea mahali palipo juu ya mita 1219, maana yake mji wetu umekaa karibu kabisa na mpaka huo. Hewa yetu ni nyepesi, mpira unaruka na kukimbia, na sisi tumezoea kuufupisha mkono ili usitoke nje. Mkishuka hadi pwani kama Antalya, hewa ni nzito na mpira unachoka kabla haujafika. Pigo ambalo hapa linagusa mstari wa nyuma, kule litaanguka hatua moja na nusu mbele yake, miguuni pa mpinzani, tayari kwa kupigwa. Kisha kuna udongo. Ule wao mwekundu ni wa matofali yaliyosagwa, mlegevu kwa juu. Mtu huteleza hadi kwenye mpira. Kichuguu chetu kikikauka ni sakafu, na anayejaribu kuteleza juu yake mwezi wa nane huacha ngozi ya goti. Mnahitaji siku kadhaa za kuzoea, na viatu vya aina yake.

Halafu mjue kwamba katika michezo mingi ya wakongwe hakuna mwamuzi aliyekaa juu ya kiti. Kila mtu huhukumu mistari ya upande wake. Mpira ukianguka, unatembea hadi kwenye alama, unaiangalia, na unasema ukweli kwa sauti. Kwa hiyo siku nzima nchi yako inahukumiwa kwa mdomo wako.

Na kwa kuwa mwenye uzi amelitaja jina la kikombe, nisiache. Gottfried von Cramm alikuwa Mjerumani aliyefika fainali ya Wimbledon mara tatu mfululizo, 1935, 1936 na 1937, na akafungwa zote tatu. Mbili za kwanza alifungwa na Fred Perry, ambaye kikombe cha wanaume wa miaka 50 kina jina lake. Mwaka 1935, akicheza Kombe la Davis kwa ajili ya nchi yake dhidi ya Marekani katika wawili wawili, mwenzake alipiga pigo ambalo lingeimaliza mechi kwa ushindi wao. Von Cramm akamwambia mwamuzi kwamba kabla ya pigo hilo mpira ulikuwa umegusa raketi yake yeye. Mwamuzi hakuwa ameona. Pointi ikaenda kwa Wamarekani, na mwishowe mechi nayo. Kuna wakubwa wa kwao waliomwambia ameisaliti Ujerumani, na mwaka 1938 utawala wa Hitler ulimtia gerezani kwa sababu nyingine. Wakongwe wa leo hawagombei kikombe chenye jina la aliyeshinda siku ile.

MTOTO WA KAFUBU

Sawa. Sikuyajua haya. Bado nasema mipira ya watoto ni lazima, lakini sitasema tena kwamba wazee wakale bukari walale.

MFUKO WA SARUJI

Mimi ndiye mfanyabiashara. Binti yangu alinionyesha uzi huu jana usiku, na nimefungua jina hapa kwa ajili ya kujibu.

Ndugu yangu Mkono wa Nyuma, umeandika vizuri, lakini umeandika nusu. Ni kweli nilimtaja shemeji yangu. Ni kweli pia kwamba mchezo wangu wa mmoja mmoja ni wa kuhurumiwa, magoti yangu yalikwisha kuniaga. Hata hivyo, nani kati yenu anayerudisha mpira wangu wa juu katika wawili wawili? Yaya ameeleza vyema: kila timu ikiwa imeshinda mchezo mmoja, wawili wawili ndio wanaoamua. Nisihesabiwe kama pochi yenye miguu.

Hilo ambalo hukuliandika, nadhani kwa sababu hukulijua, ni kwamba mwezi wa tano nilimwendea Baba Mwalimu. Nilimwambia nitamlipia kila kitu: pasipoti, safari ya Kinshasa kwa ajili ya visa kama italazimu, ndege ya kupitia Addis Ababa, hoteli, chakula. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanishukuru. Akasema hapana. Ni baada ya hapo ndipo jina la shemeji lilipoingia mezani. Nilinyamaza kwa sababu sikuona vema kumtangaza mtu aliyekataa msaada wangu, lakini kwa kuwa sasa mimi ndiye ninayeonekana kumfungia mlango, basi na ijulikane.

MKONO WA NYUMA

Nimesoma mara tatu. Sikujua. Nimekaa na Baba Mwalimu Jumamosi zote hizo, tumekunywa chai kwenye chupa moja, wala hakusema neno. Kaka, nakuomba radhi mbele ya wote, na shemeji yako pia, ingawa tumbo lake nililiona kwa macho yangu.

MAMA WA KAMPEMBA

Ninyi wanaume mnaweza kucheza pamoja miaka 20 na msijuane. Mimi ninaongoza likelemba, yaani chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya wanawake 30, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, na ninachojua ni kwamba mtu hakatai fedha. Anakataa namna zilivyoletwa. Nani alikuwepo ulipomwambia, Baba Mfuko wa Saruji? Mlikuwa wawili, au mlikuwa uwanjani?

Na wakati tunasubiri jibu, niulize hili: vikombe vya wanawake vipo, vya rika zote, wala sijaona hata mmoja wenu aliyeuliza kama kuna wanawake watatu wa miaka 50 katika mji huu wanaoweza kushika raketi. Tupo. Tunacheza saa tisa alasiri kwa sababu asubuhi uwanja ni wenu.

MFUKO WA SARUJI

Tulikuwa uwanjani, Mama. Watoto wake wa mazoezi walikuwepo, wamekaa ukutani. Niliona ni jambo jema wasikie.

MAMA WA KAMPEMBA

Basi.

BINTI WA MWALIMU

Mimi ni binti wa Baba Mwalimu. Baba hana simu ya kusoma mambo haya, kwa hiyo nimemsomea uzi wote tangu mwanzo, akiwa anakaza nyuzi za raketi ya mtu. Aliposikia habari ya ufa wa raketi ya mbao alicheka, akasema mzee yule alikuwa anamwongezea soda ya pili kwa siri na kuiandika kama iliyovunjika. Kisha akaniambia niandike. Haya ni maneno yake, mimi nimeyanyoosha tu.

Anasema hana kinyongo na mtu. Anasema Baba Mfuko wa Saruji alikuja kwa moyo mwema, na wala hakukataa kwa sababu ya watoto waliokuwa ukutani, ingawa ingekuwa bora wasiwepo. Alikataa kwa sababu aliona jinsi itakavyokuwa huko mbele. Asubuhi ya pambano lazima mtu aandike majina: nani anacheza wa kwanza, nani wa pili, nani wanaingia wawili wawili, nani anakaa kando na taulo. Mtu aliyelipiwa hana mdomo wakati huo. Mwenye fedha akitaka kucheza na anacheza vibaya, aliyelipiwa atasema nini? Atasema ndiyo. Na akiwa ndiye anayewekwa wa kwanza, kila mpira atakaoukosa atauona kama deni. Yeye amecheza namna hiyo akiwa kijana, na anasema hachezi hivyo tena.

Anachotaka ni hiki. Fedha ziwekwe kando kwanza, zisitajwe. Aitwe kila mwanaume wa miaka 60 na zaidi anayecheza tenisi hapa Lubumbashi, na pia Likasi na Kolwezi, maana kuna watu huko ambao hamjawaita kwa sababu hamnywi nao bia. Wacheze wote kwa wote, mpaka wapatikane wanne. Majina manne hayo ndiyo yaandikwe kwenye barua kwa shirikisho, kwa mpangilio ule ule wa ushindi. Baada ya hapo, na si kabla, ndipo zitafutwe fedha za watu wanne hao, wawe matajiri au maskini, na ziingie katika mfuko mmoja ambao hauna jina la mtu. Yeye akiwemo, atakwenda. Asipokuwemo, atafagia uwanja wa mazoezi.

Kuhusu wanawake, anasema Mama wa Kampemba ana haki, na kuanzia wiki ijayo asubuhi moja kati ya mbili ni yao.

MFUKO WA SARUJI

Yaani ninaweza kulipa na nisiende.

MSTARI WA PEMBENI

Unaweza kulipa na usiende, Kaka, na unaweza kwenda bila kulipa. Ndivyo nilivyoelewa.

MFUKO WA SARUJI

Nitacheza.

YAYA WA UBELGIJI

Mimi sina kura hapa, lakini mfuko huo usio na jina ukifunguliwa, nijulisheni. Pia anzeni karatasi mapema mno kuliko mnavyodhani. Nimeona timu nzima ya nchi moja ikipoteza pambano la kwanza bila kucheza, kwa kuwa visa ya mchezaji mmoja ilitoka siku mbili baada ya ufunguzi. Vyeti vya chanjo ya homa ya manjano navyo vitazamwe mapema, si usiku wa kufunga mizigo.

MKONO WA NYUMA

Ndugu zangu, ni wiki ya sita sasa tangu nilipoandika mara ya mwisho, na wengi mmeniuliza kwa faragha ilikuwaje. Tumemaliza mchujo Jumamosi iliyopita.

Walikuja wazee kumi na mmoja. Watatu walitoka Likasi kwa basi la alfajiri, na wawili kutoka Kolwezi waliolala kwa jamaa zao Kamalondo. Shemeji alikuja pia, akacheza mechi mbili, akafungwa zote kwa uungwana, kisha akawa mpishi wetu wa nyama kwa siku zilizobaki, kazi ambayo anaiweza kuliko sote. Baba Mwalimu alimaliza wa kwanza. Hakuna aliyeshangaa, isipokuwa kwamba mtu mmoja wa Likasi, mstaafu wa reli ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia, alimchukulia seti moja na kumfanya avue kofia yake. Huyo ni wa pili. Mstaafu mwenzangu ni wa tatu.

Nafasi ya nne ilibaki kati yangu na Mfuko wa Saruji. Tulikubaliana kwamba seti ya tatu iwe ya pointi kumi, kama wanavyofanya mara nyingi huko katika wawili wawili. Magoti yake yalikuwa yamefungwa bandeji mbili mbili, na mimi nilijiambia nitamchosha. Alinipigia mipira ya juu, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nikirudi nyuma na jua likiwa machoni. Yeye akiwa na tisa na mimi nane, akapiga mwingine wa juu, mrefu kuliko yote, nikaukimbilia, nikauacha, nikageuka. Watu waliokuwa ukutani walisema uko nje. Yeye mwenyewe alikuwa mbali sana, kwenye wavu, akaniuliza kwa mkono tu. Nikatembea hadi kwenye alama. Kichuguu kikiwa kimemwagiliwa asubuhi hakifichi kitu. Ilikuwa imeugusa mstari kwa upana wa kucha.

Kwa hiyo barua inaondoka Jumatatu ikiwa na majina manne, na langu halimo. Nimepewa kazi ya kushughulikia karatasi za safari, na kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye foleni ya pasipoti pamoja na Baba Mwalimu. Tumekwisha kukubaliana kuhusu mwezi: ni wa tatu, wakati mahindi yanapoanza kukauka. Siku bado tunabishana.

Mfuko usio na jina umefunguliwa. Unashikwa na Mama wa Kampemba, na daftari lake liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Jambo la haraka kwa sasa ni viatu vya udongo mwekundu: Baba Mwalimu anavaa namba 42, yule wa Likasi 44, na hapa mjini nimezunguka maduka yote bila kuvipata.

YAYA WA UBELGIJI

Namba 42 ninayo, ya marehemu mume wangu, ilivaliwa mara mbili tu. Ya 44 nitaitafuta Jumamosi.